Falseto au sauti kamili: namna ninavyozitambua kwa teno wangu

Jumamosi moja kabla ya Pasaka tulikuwa tunapitia wimbo ambao doh yake, yaani nota ya kwanza ya ngazi, ni F, na sauti ya tatu, yaani teno, sauti ya juu ya wanaume, inapanda mpaka mi ya juu, nota ya tatu ya ngazi hiyo. Kijana mmoja wa teno, miaka 22, aliikamata ile mi bila kutoka jasho. Wenzake wakamgeukia wakitabasamu, na mimi mwalimu wao nikafurahi kuliko wote. Kesho yake ibadani umeme ukakatika katikati ya wimbo, spika zikanyamaza, na tulipofika pale pale kwenye mi sikumsikia. Mdomo wake uko wazi, uso umetulia, anaimba kweli, lakini soprano na besi zimemmeza mzima mzima.

Nota hakukosea. Alikuwa anaimba falseto, ile sauti nyepesi ya juu ya mwanamume, tangu siku ya kwanza ya mazoezi, na mimi niliipokea kama sauti kamili kwa sababu maikrofoni ilikuwa inaibeba. Kosa lilikuwa la sikio langu. Tangu hapo nimejiwekea utaratibu wa kumpima kila teno kabla sijamkabidhi nota ya juu, na ndio huu ninaouandika hapa. Hauhitaji vifaa vya pekee: kinanda chochote, simu, na chumba chenye utulivu wa nusu saa.

Jambo la kwanza kulielewa, na ndilo linalowapotosha wengi, ni kwamba ujuu wa nota hauwezi kukuambia ni sauti ipi. Watu husema, "Akishapanda pale, hiyo ni falseto." Sivyo. Kuna eneo kubwa, kwa wanaume wengi kuanzia C ya kati ya kinanda hadi kama G iliyo juu yake, ambapo mtu yule yule anaweza kuimba nota ile ile kwa sauti zote mbili. Kwa hiyo swali halihusu amefika wapi. Swali ni kule kooni: nyuzi za sauti zinakutana na kufunga, au zinapitisha upepo ukingoni tu?

Tunaziita nyuzi, na jina hilo linatudanganya kidogo, maana hazifanani na nyuzi za gitaa. Ni mikunjo miwili ya nyama laini iliyolala ndani ya koromeo, kwa mwanamume kama sentimita mbili hivi kwa urefu, kwa mwanamke pungufu ya hapo. Upepo wa mapafu unapopita katikati, mikunjo hii inagongana na kuachana. Ile mi yetu, kwa doh ya F, ni A ya hesi 440, ile ile inayotolewa na kile chuma cha kugonga ambacho walimu wa kwaya wa zamani walikuwa wanakibeba mfukoni. Maana yake nyuzi za kijana wangu zilikuwa zinatikisika mara 440 kwa sekunde moja. Hilo halibadiliki kwa falseto wala kwa sauti kamili. Kinachobadilika ni namna zinavyokutana. Katika sauti kamili mikunjo ni minene, inagusana kwa kina na kuukata upepo kabisa kabla ya kufunguka tena. Katika falseto imevutwa ikawa myembamba, msuli wake wa ndani umelegea, na ni kingo tu zinazocheza. Mara nyingi hazifungi sawasawa, na upepo kidogo unavuja.

Ukitaka kuliona kwa macho, chukua puto la watoto, lijaze, kisha uivute shingo yake kwa vidole huku na huku. Litatoa ule mlio mwembamba wa "piiii". Legeza kidogo, mlio unashuka na kunenepa mpaka mpira unapigapiga. Mimi hufanya hivyo mbele ya kwaya kila mwaka tunapopokea waimbaji wapya, na baada ya hapo sihitaji maelezo marefu.

Mtu anayetajwa na wengi kuwa wa kwanza kuziona nyuzi za sauti zikifanya kazi ndani ya koo la mwimbaji hai alikuwa mwalimu wa uimbaji, na jambo hilo hunipa moyo sana katika kazi hii. Manuel García, Mhispania aliyefundisha Paris na London, alitumia mwaka 1854 kioo kidogo cha daktari wa meno, kioo cha pili, na mwanga wa jua, akalitazama koo lake mwenyewe huku akiimba. Mwaka uliofuata taarifa yake ikasomwa mbele ya Royal Society ya London. Sisi wengine hatuna haja ya kioo. Masikio yanatosha, mradi yajue yanatafuta nini.

Zipate zote mbili kwanza

Huwezi kutofautisha vitu viwili kama unakijua kimoja tu. Ndiyo maana siku ya kwanza simpimi mtu; namfundisha kuzitoa sauti zote mbili makusudi.

Falseto naitafuta kwa bundi. "Lia kama bundi usiku," namwambia, naye anafanya "uuu, uuu", sauti nyepesi, ya juu, kama inatokea nje ya mwili. Kama bundi hamjii, namwomba amwigize bibi kizee anayemwita mjukuu wake. Wanaume karibu wote wanaigiza bibi kwa falseto bila kufundishwa. Wapo vijana wanaoona haya hapa, hasa mbele ya kina dada, kwa hiyo hili nalifanya na teno na besi peke yao, mlango umefungwa.

Sauti kamili naitafuta kwa konda wa daladala. Konda anayeita "Soweto, Soweto, Majengo!" stendi ya Moshi hatumii falseto, kwa sababu asingesikika mbele ya injini. Ile "e" ya Soweto inatoka imebana, ina makali, inafika upande wa pili wa barabara. Namwambia kijana aite hivyo hivyo lakini kwa upole, kama abiria amesimama hatua tano tu. Si kupiga kelele, ni kuita.

Halafu namrudisha kwenye kinanda. Nabonyeza E iliyo juu ya C ya kati. "Nipe bundi kwenye nota hii." Ananipa. "Sasa nipe konda, nota hii hii." Ananipa. Wengi hapo hushangaa, kwa sababu hawakujua kwamba nota moja ina nyumba mbili.

Kipimo cha "a-a"

Hiki nakipenda kuliko vyote, na lugha yetu imetupa bure. Mtu akikuuliza kama umekula na wewe unakataa bila kufungua maneno, unasema "a-a". Sema sasa hivi, polepole. Kuna mahali katikati ya zile a mbili ambapo kila kitu kinasimama. Hakuna upepo, hakuna mlio. Hapo ndipo nyuzi zako zimefunga kabisa.

Sasa ile "a-a" uiimbe kwenye nota unayoitilia shaka. A-a-a-a, nne, fupi, kwa mkato laini, usikaze koo. Kama uko kwenye sauti kamili, kila a itaanza safi, kama mtu anayegonga meza kwa kifundo cha kidole. Kama uko kwenye falseto, kwa waimbaji wengi ambao hawajafunzwa mkato utalegea na utasikia "ha-ha-ha-ha". Ile h ni upepo uliotangulia kabla nyuzi hazijakutana. Weka kiganja mbele ya mdomo, upana wa vidole vinne hivi, na utaihisi.

Kijana wangu wa Pasaka nilimpima hivi Jumatano iliyofuata. Kwenye D alinipa a-a safi. Kwenye F, bado safi, ingawa kidevu kilianza kunyanyuka. Kwenye G ikaja "ha-ha", na yeye mwenyewe akanyamaza, akaniangalia. "Mwalimu, imebadilika." Hakuna maelezo yangu yangemfundisha zaidi ya pale.

Kipimo cha kushuka

Anza juu, kwenye nota ile ile ya shaka, kwa "u". Shuka polepole kama mtu anayeteremka mlima kwa breki, usiruke nota, mpaka ufike kwenye sauti yako ya kuongea. Usibadilishe chochote njiani. Sauti kamili iliyopanda juu itashuka kama kitambaa kinachokunjuka, bila kipande. Falseto itafika mahali fulani, mara nyingi pale karibu na E, D au C, na hapo utasikia daraja: kishindo kidogo, mkwaruzo, au sauti kuzimika na kurudi ikiwa nyingine. Sisi huita kupasuka. Kupasuka huko hakuleti aibu yoyote. Kunatuambia kwamba kule juu ulikuwa nyumba ya pili.

Wako waliofanya mazoezi miaka mingi wakalisawazisha lile daraja mpaka huwezi kulisikia. Kwa mtu wa namna hiyo kushuka peke yake hakutoshi, na ndipo ninapotumia kipimo kinachofuata.

Kipimo cha kukuza

Shika nota moja. Ianze kwa sauti ndogo kabisa, ikuze kwa sekunde nne, ipunguze kwa sekunde nne. Sauti kamili ina nafasi ya kukua. Unaweza kuisikia ikijaa, ikipata makali, ikianza kugonga kuta za chumba. Falseto inakua kidogo tu, halafu inafika mwisho wake. Mwimbaji akiisukuma zaidi, mojawapo ya mambo mawili hutokea: upepo unaongezeka lakini sauti haikui, au inapasuka ghafla na kuangukia kwenye sauti ya kifua, ile nzito ya kuongea.

Kwa kipimo hiki ninapima na pumzi. Kijana huyo huyo, kwenye E, alishika sekunde 19 kwa sauti kamili na 11 kwa falseto, kwa pumzi moja. Namba zako zitakuwa zako, wala usishindane nazo. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo inayosema. Anayevuja hawezi kushika muda mrefu.

Simu

Usijirekodi simu ikiwa mkononi. Simu nyingi hujipunguzia na kujiongezea sauti zenyewe, kwa hiyo ukiwa karibu falseto na sauti kamili zinatoka na ukubwa mmoja, na hapo umejidanganya kama mimi nilivyodanganywa na spika. Iweke mezani hatua nne au tano kutoka ulipo, rekodi nota ile ile mara mbili, bundi na konda, halafu sikiliza kwa spika ya masikioni.

Usisikilize ukubwa. Sikiliza kama sauti ina mwili. Kila nota unayoimba imebeba nyingine juu yake: kwa A ya 440 kuna 880, 1320, 1760, na kuendelea. Nyuzi zinapofunga kwa nguvu, zile za juu zinatoka nyingi na zinang'ara. Ndizo zinazoipa sauti makali ya kupita katikati ya kwaya nzima. Falseto inatoa ile ya chini kwa wingi na zile za juu zikiwa dhaifu, ndiyo maana inafanana na filimbi. Kuna programu za simu zinazochora sauti kwa mistari, nota ya msingi chini na wenzake wakipandana juu yake. Kijana wangu alipoimba kwa sauti kamili tulihesabu mistari saba iliyo wazi. Kwa falseto, mitatu, na wa tatu ulikuwa kama moshi.

Mitego iliyonikamata

Mtego mkubwa ni mkono kifuani. Wengi tulifundishwa: weka mkono kifuani, ukihisi mtikisiko ni sauti kamili, usipohisi ni falseto. Kwa nota za chini ni sawa. Lakini sauti kamili inapopanda, mtikisiko unahama. Unauhisi nyuma ya pua, kwenye mashavu, kwenye paji la uso. Ndiyo hiyo waimbaji wanaiita sauti ya kichwa. Mwimbaji mzuri wa teno kwenye G ya juu anaweza asihisi kitu kifuani, na nyuzi zake zinafunga vizuri kabisa. Nimewahi kumwambia mzee mmoja wa teno kwamba anaimba falseto, kwa kipimo cha mkono peke yake, naye akaacha kuimba zile nota kwa miezi. A-a ingenionyesha kwamba alikuwa sahihi. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake.

Wa pili ni unyamavu. Sauti ndogo siyo falseto. Mtu anaweza kumbembeleza mtoto kwa sauti kamili, ndogo, yenye mwili. Ukiwa na shaka mwambie aikuze, utajua.

Wa tatu unaelekea upande wa pili: mtu anayevuta sauti ya kifua juu kwa nguvu, mishipa ya shingo imesimama, kidevu kinatazama dari. Hiyo kweli siyo falseto, lakini msiisifu kwa sababu hiyo. Inaumiza. Walimu tunaowaambia vijana "kaza, kaza!" kwenye nota za juu tunawapeleka huko, na nimeona teno wawili wazuri wakipoteza sauti zao kwa miaka kwa sababu ya neno hilo moja.

Kwa kina dada habari ni tofauti kidogo. Nao wana nyumba mbili, na wengi utawasikia wakibadili gia karibu na E au F juu ya C ya kati. Alto ndio wanaosumbuka nayo zaidi. Lakini sauti zao mbili zinakaribiana zaidi masikioni, na sauti yao ya juu ndiyo wanayoimbia sehemu kubwa ya nyimbo za kanisani, kwa hiyo neno falseto huwa hatulitumii sana kwao. Nao wapime kwa a-a: soprano mwenye "ha-ha" kila nota anavuja, na anaweza kufundishwa kufunga bila kuhama nyumba.

Vijana wa kiume wanaobalehe usiwapime kabisa. Sauti ya mvulana inashuka karibu oktava moja, yaani kutoka doh hadi doh ya chini yake, katika kipindi hicho, na leo atakupa jibu hili, wiki ijayo jingine. Mpe nota za katikati, asubiri.

Ukishajua, ufanye nini

Nalisema hili kwa moyo wote: falseto si sauti ya uongo, ingawa jina lake la Kiitaliano limetoka kwenye neno hilo. Wala si sauti ya kike, kama wanavyosema baadhi ya wazee wetu, na kauli hiyo imewafanya vijana wengi waifiche. Alfred Deller wa Uingereza alijenga nayo maisha yake yote ya uimbaji. Philip Bailey wa kundi la Earth, Wind & Fire anajulikana dunia nzima kwa falseto yake. Mwaka 1939 Johannesburg, Solomon Linda aliipandisha yake juu ya besi za kundi lake, na waimbaji wa Kizulu wamefuata njia hiyo mpaka leo. Na Wambuti wa msitu wa Ituri, huko Kongo, wanaruka kutoka kifua kwenda falseto na kurudi kwa kasi ambayo sisi tunaopasuka bila kutaka tungepaswa kuisikiliza kwa heshima. Lile daraja tunaloliogopa wao wameligeuza wimbo.

Ninachokataa ni kutojua. Mwimbaji akijua yuko wapi, anachagua. Kwenye ubeti wa sala, polepole, teno wangu wanaruhusiwa falseto kwenye nota za juu, na inapendeza. Kwenye kiitikio cha nguvu, ambapo besi zimefunguka zote, hapana: aidha iwe sauti kamili, au nashusha doh.

Nota ambayo mtu anaifikia kwa falseto tu, anaweza kuijengea sauti kamili, taratibu. Mimi naanza nusu nota, yaani kitufe kimoja cha kinanda, cheupe au cheusi, chini ya mahali a-a inapogeuka ha-ha. Dakika kumi kwa siku, a-a laini, halafu ziunganishe: aaaa. Kisha "ng'" ya ng'ombe, kuipandisha na kuishusha mdomo ukiwa umelegea. Ikikaa vizuri wiki mbili, panda nusu nota. Ikiuma, shuka. Mayai mabichi na tangawizi waachie jikoni. Unachokimeza hakipiti kwenye nyuzi za sauti, na kikipita unapaliwa.

Falseto ina kazi nyingine ambayo watu hawaijui. Nyuzi zikivimba kidogo, baada ya mkesha au siku tatu za mkutano wa injili, sauti ya kuongea inaweza kubaki nzuri tu, lakini falseto ndogo ya juu ndiyo inayotangulia kupotea. Kwa hiyo kila asubuhi natoa bundi, mdogo kabisa. Akitoka kama jana, naimba. Akikataa au akaanza kwa kuchelewa, siku hiyo sipandi juu. Na mtu ambaye sauti imekwaruza zaidi ya wiki tatu namtuma kwa daktari wa masikio, pua na koo, akaangaliwe, asiendelee kujipima kwangu.

Kijana wa Pasaka bado yuko sauti ya tatu. Wimbo ule tuliushusha mpaka doh ikawa D, mi yake sasa ni F kali (F#), na aliipata kwa sauti kamili baada ya kama miezi miwili. Kwenye karatasi yake ya nota anaweka alama mwenyewe kwa penseli: kiduara juu ya nota atakayoimba kwa falseto, kistari juu ya ile ya sauti kamili. Wenzake wamemwiga. Jumatano iliyopita niliokota karatasi moja iliyosahaulika kwenye benchi la besi, nayo ina viduara viwili.